Tangu muuguzi apewe barua ya kujieleza, hakuna anayeripoti tena

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa muuguzi katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Miezi mitano iliyopita niliteuliwa kuongoza kitengo cha ubora na usalama wa mgonjwa, na nikaingizwa kwenye timu ya uongozi wa hospitali. Mwezi wangu wa pili, muuguzi wa zamu ya usiku alimchoma mgonjwa wa kisukari insulini mara 10 ya alichoandikiwa. Mgonjwa alizimia, akazinduliwa kwa glukosi, akapona. Muuguzi akapewa barua ya kujieleza na kuhamishiwa masjala. Tangu siku hiyo sijapata fomu hata moja ya tukio, na nikiingia wodini watu wananyamaza. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, anasema mambo yametulia, nishughulikie mabango na usafi kwa kuwa wakaguzi wako njiani. Nifanye nini ili uongozi uone kwamba usalama wa mgonjwa ni kazi yao?"

Marahaba, Sista. Nianze na insulini yenyewe, kwa sababu ndani ya bomba lile mna karibu kila kitu ulichoniuliza.

Hukuandika ni bomba gani lilitumika, lakini kosa la mara 10 la insulini lina sura yake na nimelikuta zaidi ya mara moja. Insulini ya kawaida ina uniti 100 katika mililita 1. Daktari akiandika uniti 10, hiyo ni mililita 0.1, tone tu. Bomba la insulini limechorwa kwa uniti, hivyo muuguzi anavuta mpaka kwenye 10 na hesabu imekwisha. Mabomba hayo yakiisha stoo, anachukua la cc 2 lililopo, ambalo limechorwa kwa mililita. Sasa ni saa 9 usiku, wodi ina wagonjwa 40 na wauguzi wawili, taa ya upande ule imeungua tangu mwezi uliopita, na mtu anatakiwa agawanye kwa 100 kichwani, kisha atafute kistari kimoja chembamba. Akivuta mpaka kwenye 1, mgonjwa amepata uniti 100. Kuna na njia nyingine ya kufika pale pale: daktari ameandika "10U" mbiombio, ile U ikafungika juu ikaonekana sifuri. Hapo hata bomba sahihi halimwokoi mtu, maana chati inasomeka 100.

Hesabu waliokuwa na uwezo wa kulizuia hilo. Muuguzi ni mmoja, na alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mbele yake yupo aliyeandaa oda ya Bohari ya Dawa, aliyepanga zamu ya watu wawili, aliyepokea taarifa ya taa akaiweka pembeni, daktari aliyeandika U badala ya neno "uniti", na mfamasia ambaye hakuna aliyemwomba apitie chati za insulini. Wakuu wa karibu wote hao unakaa nao kwenye kikao cha uongozi. Ndiyo maana nasema usalama wa mgonjwa ni kazi ya viongozi wa juu: kinachomdhuru mgonjwa saa 9 usiku kimeamuliwa saa 4 asubuhi na watu waliokaa mezani, wiki kadhaa nyuma.

Kabla hujasoma zaidi, nenda wodini ukafungue droo ya mabomba. Kama bado ina mabomba ya cc 2 peke yake, basi ile barua ya kujieleza imebadilisha tu mkono utakaokosea mara ya pili.

Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, walilazwa wagonjwa wawili waliokuwa hawajitambui. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, alihitaji upasuaji. Mwingine alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji kisu. Utambulisho wao ukachanganyika, akapelekwa thieta asiyehusika. Madaktari waligundua wakiwa wameshafungua fuvu, walipolitafuta bonge la damu wasilione. Wafanyakazi wanne wakasimamishwa kazi, mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima, madaktari wenzao wakagoma. Sisemi kosa lile lilikuwa dogo; fuvu la mtu lilifunguliwa bure. Ila kwa wiki kadhaa mjadala wa umma ulikuwa nani afukuzwe na nani atetewe. Swali ambalo kila hospitali ya ukanda huu ilipaswa kujiuliza asubuhi ile ni jingine: mgonjwa asiyeweza kutaja jina lake, hapa kwetu anatambuliwa kwa kitu gani, na kitu hicho kinaweza kuhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule? Waulize wenzako swali hilo wiki hii. Nina hakika utapata majibu matatu tofauti kutoka wodi tatu.

Sasa tazama hospitali ya Virginia Mason, mjini Seattle, Marekani. Novemba 2004, mama mmoja aitwaye Mary McClinton alikuwa akitibiwa uvimbe wa mshipa wa ubongo. Mezani palikuwa na vimiminika vitatu, vyote vyeupe kama maji, na vyombo vyake havikuwa na lebo: maji ya chumvi, dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei, na klorheksidini ya kusafishia ngozi. Akachomwa klorheksidini. Akafariki kabla mwezi haujapita. Mkuu wa hospitali, Dakta Gary Kaplan, na wenzake wakafanya jambo ambalo wanasheria wengi wangewakataza: wakaieleza familia ukweli, wakawaeleza wafanyakazi wote, kisha wakautangazia umma kwamba kosa ni letu na tunaomba radhi. Usalama wa mgonjwa wakaufanya lengo kuu la hospitali nzima. Ripoti za hatari ziliongezeka, na uongozi ukaliona ongezeko hilo kuwa dalili njema.

Kuna uhusiano hapa ambao watu wetu wengi hawaujui. Kaplan na wenzake walikuwa wamekwenda Japani mwaka 2002 kujifunza kwa Toyota, chimbuko la ile kaizeni, yaani uboreshaji wa kidogo kidogo usiokoma, unayoisikia kila semina. Tanzania iliipokea kupitia mradi wa Wajapani, mfano ukiwa umetoka Sri Lanka, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ndiyo iliyotangulia mwaka 2007. Hatua zake tano, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, najua unazikariri usingizini. Ni kazi nzuri, nimeona stoo za dawa zikiokolewa nayo. Lakini kwenye kiwanda cha Toyota kuna kamba inayoning'inia juu ya laini ya magari. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeanza kazi jana, akiona kasoro anaivuta. Msimamizi anakuja mbio kusaidia, na ikibidi laini nzima inasimama. Virginia Mason waliichukua kamba hiyo. Sisi tumechukua lebo za mafaili na rangi za ndoo za taka, kamba tukaiacha. Hospitali yako ina mtu mmoja ambaye angeweza kuwaonyesha pa kuivuta, naye yuko masjala.

Hiyo kauli ya Mganga Mfawidhi kwamba mambo yametulia usiibishie kikaoni. Mpelekee namba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Hospitali inayolaza mamia ya watu kila mwezi halafu ikakaa miezi mitatu na rejista tupu, hiyo imeziba masikio. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie hivyo kwa heshima, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Na ile hoja ya wakaguzi itumie kwa faida yako: mkaguzi anayeijua kazi, akikuta rejista ya matukio haina hata mstari mmoja, ataanzia hapo hapo.

Nilipokuwa daktari mdogo, katika hospitali ambayo sitaitaja, usiku mmoja wodi ya wazazi ilikuwa na akina mama wawili wenye jina moja la kwanza na jina moja la baba. Mmoja alihitaji damu. Mfuko ulifika, ukatundikwa kwa yule mwingine. Mwanafunzi wa uuguzi, binti wa mwaka wa pili, alikuwa ameshika kadi akasema kwa sauti ndogo, "Mbona huku kumeandikwa O?" Tone la kwanza lilikuwa halijaingia. Asubuhi kwenye ripoti wote tuliinamisha vichwa tukisubiri radi. Mganga Mfawidhi wetu alikuwa mzee mkali, anaogopwa mpaka na madereva. Hakuuliza nani. Aliagiza mfuko uletwe, akavaa miwani, akausoma taratibu mbele yetu, kisha akamwita yule binti asimame. "Uliona nini?" Binti akaeleza. Mzee akasema, "Ahsante. Leo umetuokoa sote." Kisha akamgeukia mkuu wa maabara akamuuliza kwa nini mfuko umeandikwa jina tu, bila namba ya faili. Kufikia Ijumaa kila mfuko ulikuwa na namba. Kwa miezi iliyofuata watu walikuwa wakisimama wenyewe kwenye ripoti: mimi nusura nichanganye hiki, mimi nusura nisahau kile. Sijaona semina yoyote iliyofanya kazi iliyofanywa na maneno yale mawili, uliona nini.

Kwa hiyo Mganga Mfawidhi wako usimwombe akupe "ushirikiano". Neno hilo atalikubali na kesho hakuna kitakachobadilika. Mwombe nusu saa kila wiki, siku ile ile, wodi moja, bila msafara na bila kalamu ya ukaguzi. Aende na wewe na Metroni, mkuu wa wauguzi, awaulize walio zamu swali moja: "Wiki hii, ni kitu gani hapa kinaweza kumdhuru mgonjwa?" Kisha anyamaze asikilize. Mara ya kwanza watamwambia viti vimevunjika. Avumilie, hiyo ni kumpima. Kati ya yatakayotajwa achague moja linalowezekana, liwe limetengenezwa kabla hajarudi, na akirudi aanze nalo: mliniambia taa, taa hiyo hapo. Nakuonya hapa kwa nguvu zote. Ziara ambazo hazitengenezi kitu ni mbaya kuliko kutokwenda kabisa, kwa sababu zinawafundisha watu kwamba kusema ni kupoteza pumzi. Kama hana nafasi ya kufuatilia, bora mngoje mpaka aipate.

Jambo la pili ni kikao chenu cha uongozi. Angalia ajenda za miezi mitatu iliyopita uone usalama wa mgonjwa uko namba ngapi. Mara nyingi uko karibu na mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kukusanya funguo za magari. Omba uwe wa kwanza, dakika 15 tu, na ufunguliwe kwa kisa cha mgonjwa mmoja wa wiki ile kabla ya asilimia yoyote. Uingereza walijifunza hili kwa gharama kubwa. Katika hospitali ya Stafford, kati ya 2005 na 2009, wagonjwa waliteseka wodini, wengine wakikosa hata maji ya kunywa, huku bodi ikihangaikia bajeti na kupandishwa hadhi. Uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis ulitoa ripoti mwaka 2013 yenye mapendekezo 290. Malalamiko ya ndugu wa wagonjwa yalikuwepo muda wote. Hayakupewa uzito.

La tatu ndilo gumu, na ndilo litakalofungua midomo: utaratibu wa nidhamu. Usimwambie Mfawidhi kwamba hakuna atakayewajibishwa. Hatakubali na hatakuwa amekosea. Aliyekuja kazini amelewa, aliyeghushi chati, aliyemnyima mgonjwa dawa mpaka apewe chochote, hao barua ni halali yao. Lakini kabla barua haijaandikwa, jiulizeni: tungemweka muuguzi mwingine hodari kwenye wodi ile, usiku ule, na bomba lile, angeweza kukosea vilevile? Kama jibu ni ndiyo, kinachotakiwa kujieleza ni mpangilio wenu wa kazi. Na anayeripoti kosa lake mwenyewe kabla hajagunduliwa, jalada lake lianze kwenye meza yako, lisianzie utumishi. Hilo liandikwe, lisainiwe na Mfawidhi mwenyewe, na alisome yeye mbele ya wafanyakazi. Likisomwa na wewe litaonekana la kwako.

Utaona ugumu wake zaidi kwenye mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Mwongozo unasema bila jina, bila lawama. Nimekaa kwenye vikao hivyo ambapo swali la kwanza lilikuwa "nani alikuwa zamu?", na kuanzia hapo ukweli wote ukatoka mlangoni. Mpange Mfawidhi azungumze wa mwisho. Ni jambo dogo la itifaki, lakini mkubwa akishatoa maoni yake, muuguzi wa zamu hatamkanusha hata kama anajua kilichotokea.

Madaktari bingwa nao ni viongozi, ingawa hawamo kwenye chati yako ya uongozi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika miji 8 duniani, na mmojawapo ni Ifakara yetu hii. Kwa miji yote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Leo nakuta thieta ambazo fomu imeshatikiwa kabla mgonjwa hajavuka mlango. Daktari bingwa akisimama, akaweka vyombo chini na kusikiliza muuguzi anaposoma, orodha inafanya kazi. Akiendelea kunawa na kupiga soga, hata uibandike ukuta mzima, imekufa. Tafuta bingwa mmoja anayeheshimiwa na wenzake, umwombe yeye aanze.

Kuna ushahidi mwingine wa nyumbani wa kumwonyesha Mfawidhi. Programu ya kuokoa maisha wakati wa kujifungua iliyochipuka katika hospitali ya Haydom ilipelekwa kwenye vituo 30 katika mikoa 5 ya Tanzania. Kiini chake kilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini pale pale, yakifuata takwimu za wodi hiyo hiyo. Vifo vya watoto, kwa kujumlisha waliozaliwa wakiwa wametoka kufariki na waliofariki ndani ya saa 24, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Ila kushuka huko hakukufanana mkoa kwa mkoa, ingawa vifaa na mafunzo vilikuwa vilevile; kwa hiyo hivyo peke yake havitoshi.

Fomu yenu ya tukio, kama ina kurasa tatu na nafasi ya jina, ichane. Tumia nusu karatasi: nini kilitokea au nusura kitokee, wapi, saa ngapi, unadhani kwa nini. Jina ni hiari. Ila usitegemee karatasi peke yake; mwombe Metroni aongeze swali la nusura kwenye makabidhiano ya zamu. Hapo ndipo watu husema. Metroni atakufaa kuliko mtu yeyote, kwa kuwa zamu ziko mkononi mwake. Ukiwa na yeye, mfamasia na wodi moja tu iliyo tayari, unaweza kuanza hata kabla Mfawidhi hajashawishika. Mkianza na insulini, mna kazi ya mwezi mzima: mabomba ya uniti yasikauke stoo, neno "uniti" liandikwe kwa kirefu, na kila dozi isomwe na watu wawili kabla ya kuchomwa. Mkimaliza mwangalie ampuli za potasiamu kloraidi, dawa inayoweza kusimamisha moyo ikichomwa bila kuzimuliwa, maana zikikaa rafu moja na maji ya kuchanganyia dawa, kuna siku mtu atachukua isiyo yake. Ziondoke wodini, zibaki famasi.

Hukunieleza ndugu wa yule mgonjwa waliambiwa nini. Kama waliambiwa "sukari ilishuka tu", basi bado mna deni. Mfawidhi awaite, akae nao yeye mwenyewe, aseme kilichotokea, aombe radhi, aeleze kilichobadilishwa. Ndugu wengi wanachotaka ni hicho hicho. Na wafanyakazi wakimwona mkubwa wao akisema ukweli mbele ya familia, watapima upya kama na wao wanaweza kuusema.

Na yule muuguzi, mtafute wiki hii. Usimwite ofisini kwako, mfuate yeye. Mtu aliyenusurika kuua mgonjwa halali vizuri kwa miezi, na hapo masjala kila anayepita dirishani anajua kwa nini yuko pale. Shughulikia arudi wodini, kwanza zamu za mchana, pamoja na mtu anayemwamini. Akishatulia muombe akukalishe chini akueleze usiku ule tangu aliposhika zamu: alikuwa na wagonjwa wangapi, chati ilisomekaje, bomba alilitoa droo ipi. Katika hospitali nzima ni yeye pekee anayejua, na mpaka leo inaelekea hakuna aliyemuuliza.